Mninga wa nyuso tisa

Ile video ya dizaina wetu wa Sumbawanga akitengeneza picha ya mbao kwa stika ya ukuta wa mapokezi ya gesti imeshazunguka kila kundi la WhatsApp la watu wa grafiki, na anayesoma safu hii bila shaka ameiona, huenda zaidi ya mara moja. Sitaisimulia yote upya. Nitasema tu kwamba kazi ya dakika kumi na nne iliharibikia dakika ya saba, kwa komandi moja, na yote yaliyofuata, vivuli, rangi, ule mng'ao wa vanishi aliohangaika nao hadi mwisho, yalikuwa ni kulipamba kosa.

Kwanza haki yake tumpe. Mbao ni mninga wa kweli, si ule mwaloni wa Ulaya tunaouziwa umechapwa kwenye makapeti ya plastiki kana kwamba Rukwa na Katavi hazina miti. Alipanga mbao sita za inchi sita zilizopigwa randa, akazipiga picha kivulini, chini ya bati la karakana, akalikwepa jua kali la uwanda wetu wa juu. Simu sambamba na mbao, flashi imezimwa (kuhusu flashi na mbao nimeshaandika hadi mhariri kanikataza, basi). Juu na chini akakata palepale kwenye mianya ya mbao, kwa hiyo kigae, yaani picha inayorudiwarudiwa hadi ijaze ukuta, kikipangwa juu ya kigae mshono unajificha kwenye mwanya. Akabaki na mraba wa futi tatu kwa tatu, pikseli 3,000 kila upande, ambazo ni kama 83 kwa inchi. Kwa ukuta wa mapokezi inatosha kabisa. Dakika ya nne akafanya jambo lililonifanya nisogeze kiti: kila ubao akautenga kwenye leya yake. Nikasema huyu kijana anajua anakokwenda.

Hakujua. Dakika ya saba akaziunganisha leya zote sita kuwa moja, akainakili, akaigeuza nakala kioo, kushoto ikawa kulia, akaisukuma ubavuni mwa ile ya kwanza. Akavuta karibu asilimia mia mbili kutuonyesha kwamba hakuna mstari, akatangaza kuwa mshono umekwisha.

Hapo ndipo pa kukaa. Kwa hesabu ya pikseli, kioo hakikosei kamwe. Safu ya mwisho ya kulia inakutana na nakala yake yenyewe, rangi ileile na mwanga uleule, kwa hiyo huwezi kuona mstari hata uvute karibu kiasi gani. Ndiyo maana kinawavuta wavivu. Lakini ubao una mwendo mbali na rangi. Nyuzi za mninga hazilali sambamba na ukingo. Zinapanda taratibu, zinashuka, zinapishana, na kati yake hupita michirizi ya kahawia iliyokolea. Mchirizi unaopanda kwenda kulia ukifika kwenye kioo unakatwa kauli, unashuka kwa pembe ileile uliyopandia. Panazaliwa kona, V iliyopinduliwa. Tena si moja: kila mchirizi unafanya yake, na kona zote zinasimama wima juu ya mhimili mmoja. Ameondoa mstari ulionyooka akaweka mstari wa vilele, halafu anatuomba tusiuone kwa sababu hauna tofauti ya rangi.

Tena yako mafundo. Ubao wa nne kutoka juu ulikuwa na fundo ukingoni kabisa mwa kulia, fremu imelikata nusu. Hilo peke yake lilitosha kumfanya asogeze mkato vidole viwili. Hakusogeza. Kioo kikalikamilisha lile fundo nusu kwa nusu, likawa duara la ajabu lenye pande mbili sawasawa. Juu yake, kwenye ubao wa tatu, palikuwa na kifundo kidogo, kama inchi mbili ndani ya ukingo. Kikawa viwili, kimoja kila upande wa mhimili. Macho mawili na pua. Jicho la binadamu linawinda nyuso kila mahali, na chambo chake cha kwanza ni ulinganifu wa kushoto na kulia. Ukimpa mtu ukuta wenye ulinganifu huo, usishangae akikuuliza ni nani yule.

Piga hesabu. Ukuta wa mapokezi ni futi 18 kwa 9. Kigae cha futi tatu kinaingia mara sita kwa upana na mara tatu kwa kimo. Mihimili ya kioo inaangukia futi ya 3, 6, 9, 12 na 15, na ukingo wenye fundo unarudi futi ya 3, ya 9 na ya 15. Nyuso tatu kwa safu, safu tatu. Nyuso tisa zinamtazama mgeni wakati anaandika jina na namba ya kitambulisho kwenye daftari. Gesti yenyewe siitaji; waliolala pale wanaijua.

Watetezi wake wamenijia na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba hata maseremala wakubwa hufungua ubao kama kitabu: wanapasua ubao mmoja katikati, wanazifunua kurasa mbili, kushoto na kulia zinalingana. Kweli, wanafanya hivyo kwenye milango ya makabati na migongo ya magitaa. Lakini seremala anaufungua mara moja, katikati ya mlango, na anataka uone. Hakuna anayeutandaza mlango huohuo ukuta mzima kisha akasema ni mbao za kawaida zilizopangwa. Na kurasa zile mbili ni nyuso mbili zilizopasuliwa. Ubao mmoja, ulio mkononi mwako, waweza kuuzungusha digrii 180 ncha kwa ncha. Kuugeuza kioo huwezi, labda uwe na msumeno. Programu inaruhusu kitu ambacho karakana hairuhusu, na huo ndio mtihani ninaoutumia siku zote: kama seremala hawezi kulifanya kwa mikono, usilifanye kwenye leya.

Hoja ya pili ni umeme. Ati ulikuwa unasumbua, ilibidi aharakishe. Mji huu umelelewa kwa umeme wa kuvushwa kutoka Zambia, nani hajawahi kupoteza kazi hapa? Lakini njia sahihi ilikuwa fupi kuliko ile aliyoifuata, na nusu yake alikuwa ameshaimaliza.

Leya sita zilikuwepo. Unachukua ubao wa kwanza, unaupa ofseti ya mlalo ya pikseli 400, kinachotoka kulia kinaingia kushoto. Wa pili 1,900, wa tatu 1,100, wa nne 2,600, wa tano 700, wa sita 2,200. Sekunde chache kila mmoja. Sasa ncha za nje zinakutana zenyewe kigae kikijirudia, maana kilichokuwa ukingo kimeingia ndani ya picha, na kila ubao una mshono wake mahali pake. Ule mstari mmoja wa wima, ambao ndio tatizo la kigae chochote, umevunjwa vipande sita visivyoonana.

Mishono hiyo unaifanya nini? Huifichi. Unaigeuza kuwa viungo. Chora mstari wa pikseli tatu, ambao kwa kipimo hiki ni kama milimita moja, kwa kahawia iliyokolea, si nyeusi, halafu pikseli moja ya mwanga upande mmoja ili ncha ya ubao ionekane imelainishwa kwa msasa. Umemaliza. Mtazamaji anaona mbao zilizoungwa kwa kupishana, kama fundi yeyote wa sakafu anavyounga, na nyuzi zinazokatika pale hazimsumbui kwa sababu ubao ukiisha nyuzi huisha nao. Hata lile fundo lililokatwa nusu lingepata udhuru: ubao umekatwa kwenye fundo, mambo ya kawaida. Ubao wa futi tatu ni mfupi, sawa, lakini mabaki yanaungwa kila siku.

Angetaka kunogesha, angetengeneza kigae cha pili kwa kubadilisha mpangilio. Mbao sita zinapangika kwa namna 720, bado hujazungusha hata mmoja digrii 180, na kwa kuwa alipiga picha kivulini mwanga haumsuti akizungusha. Vigae viwili kwa zamu, na kloni kidogo kwa kufuata uzi juu ya fundo moja au mawili yanayojulikana sana, vingetosha ukuta ule.

Kuna wenye kuuliza kwa nini asibonyeze tu ile filta ya programu ya GIMP ya kutengeneza kigae. Jamani. Filta ile inachanganya picha na nakala yake iliyosogezwa, moja inafifia ndani ya nyingine. Kwa mchanga, kwa nyasi, kwa zege, inafaa. Kwa mbao inakupa mizimu ya nyuzi, mchirizi wa kweli na mwingine hafifu ukipita juu yake. Tena wasomi Efros na Freeman walishaonyesha mwaka 2001 kwamba ukitaka kuunga vipande viwili vya picha, mkato usiwe mstari ulionyooka. Utafutwe njia ya kupinda inayopita pale ambapo vipande vinatofautiana kidogo kabisa. Yaani mshono ufuate kitu chenyewe. Kwenye mbao njia hiyo ni uzi au ni kiungo.

Nikirudi nyuma zaidi ndiyo nazidi kukasirika. Mtaalamu wa grafiki za kompyuta Ken Perlin alifanya kazi kwenye filamu ya Tron ya 1982, akatoka hapo na ile kelele yake ya kihesabu (namba za nasibu zinazobadilika taratibu) aliyoichapisha 1985 na iliyompatia tuzo ya kiufundi ya wale watu wa Oscar mwaka 1997. Mbao zinazotengenezwa kwa njia ya namna hiyo hazianzi na ubao. Zinaanza na gogo: miviringo inayozunguka mhimili, kelele inaitikisa kidogo, kisha unakata ubao ndani yake popote unapotaka, na uso na ncha vinakubaliana. Anayejua gogo hawezi kuota kioo.

Na wachoraji wa vitenge je? Viwanda vyetu vya nguo, Urafiki pale Ubungo kilichofunguliwa 1968 kikiwemo, vilikuwa vinachapa mita kwa mita, na mchoro wa rola lazima ukutane na mwanzo wake rola inapomaliza mzunguko. Kushusha nusu, ule ufundi wa kuteremsha safu ya pili ili ua lisimame kati ya maua mawili ya jirani, ni wa zamani kuliko kompyuta yoyote iliyopo Sumbawanga. Ndugu wa karibu kabisa wa zile ofseti sita. Leo kijana ana programu inayoweza kusogeza pikseli bila kupoteza hata moja, na anachagua kugeuza.

Wakubwa hao wakionekana wako mbali, basi teremka Kalambo, kwenye maporomoko. Mwaka 2023 mwanaakiolojia Larry Barham na wenzake walichapisha katika jarida la Nature habari za magogo mawili yaliyofukuliwa upande wa Zambia, juu ya maporomoko, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Moja limekaa juu ya jingine kwa kupitana, limekalishwa kwenye pengo lililochongwa makusudi. Aliyelichonga hakuwa hata binadamu wa aina yetu, maana sisi tulikuwa hatujatokea, na alijua kwamba mbao zikikutana ni lazima uamue zinakutania wapi. Kutoka Sumbawanga unapita Matai tu na umefika mpakani huko. Sidai dizaina wetu akachimbe. Namlinganisha tu na jirani.

Jambo la mwisho la kiufundi, kwa ufupi kwa sababu nimeshalipigia kelele: angetazama kigae kikijirudia kabla ya kukiprinti. Programu ya Krita ina hali ya kurudiarudia kigae pande zote tangu 2014, unabonyeza W basi, na ni ya bure. Photoshop imekuwa na onyesho la patani tangu Oktoba 2020. Zile nyuso zingejitokeza hapohapo, kwenye skrini, kabla stika haijakatwa. Alitazama mshono kwa asilimia mia mbili. Hakuutazama ukuta kwa asilimia kumi.

Korido ya gesti haijabandikwa, na nasikia stika yake itaprintiwa kwa faili lilelile. Isiprintiwe. Dakika ya sita, kabla ya kuunganisha leya, alihifadhi nakala ya kazi, jina lake linasomeka juu ya dirisha. Alifungue faili hilo, atoe ofseti sita, achore viungo, na akimtumia mtu wa mashine alitume kama dokumenti. Akilituma kama picha ya WhatsApp litabanwa na kupunguzwa, na mninga utafika kwenye stika umejaa vimraba.