Mazishi Yetu ni Nambari 764

Mazishi yana nambari: 764. Ndivyo yalivyopangwa na Human Relations Area Files, taasisi huru ya utafiti iliyoko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Tangu 1949 inakusanya maandishi kuhusu jamii za dunia, na kila aya inabandikwa nambari ya mada yake. Kenya ni FL: Wakikuyu FL10, Wamaasai FL12. Ukitaka kulinganisha mazishi ya Wamaasai na ya visiwa vya Pasifiki, unaandika nambari, aya zinakuja. Kazi safi.

Tuseme ukweli, inasaidia. Unazijua zile kelele za mtandaoni: "Binadamu wote wako hivi," "Mwafrika halisi hafanyi vile." Hapa unadaiwa ushahidi: jamii ipi, mwaka gani, nani aliandika? Madai mengi huanguka hapo hapo.

Lakini tazama 1938. Mwaka huo George Peter Murdock na wenzake pale Yale walitoa mwongozo wa hizo nambari. Mwaka huo huo, Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa Malinowski kule London, alichapisha Facing Mount Kenya. Mmoja alikuwa anakata, mwingine anaunganisha. Kwa Kenyatta, ukigusa ardhi umegusa mababu, ndoa na siasa. Huwezi kuitoa peke yake ikabaki na maana.

Kumbuka kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, 1987. Mjane alitaka azikwe karibu na Nairobi. Ukoo ukataka azikwe kwao, Nyalgunga. Ukoo ulishinda. Hiyo ungeipa nambari gani? Mazishi? Ndoa? Ukoo? Sheria? Ni kweli aya moja inaweza kubeba nambari kadhaa, lakini nambari hazikuonyeshi zinavyovutana. Na pale kwenye mvutano ndipo watu wanaishi.

Halafu kuna suala la mlango. Hifadhi hii hulipiwa na vyuo vinavyojiunga. Kijana wa Kayole anayetaka kusoma yaliyoandikwa kuhusu watu wa shosho yake, kama hana chuo kilicholipa, huenda akabaki nje. Shosho yuko ndani, mjukuu yuko getini. Hapo ndipo mimi nakwama.

Ukipata nafasi, ingia. Tafuta 764. Ila ukimaliza aya, tafuta kitabu kizima, halafu mpigie shosho simu. Muulize walichoacha.