Ufundi wa Kumtegemea Usiyemjua

Wahenga waliacha methali mbili zinazopingana kuhusu kutegemea: moja huonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na nyingine huahidi kwamba mtegemea nundu haachi kunona. Katika utengenezaji wa programu za kompyuta methali zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na ufundi unaozipatanisha ni ule wa kusimamia vitegemezi. Kitegemezi ni programu au maktaba iliyoandikwa na mtu mwingine, ambayo programu mpya huihitaji ili ifanye kazi. Na kwa kuwa kila kitegemezi huweza kuwa na vitegemezi vyake, anayejenga tovuti juu ya kiunzi, yaani msingi uliotayarishwa mapema kama vile Django au Laravel, hupokea pamoja nacho kazi ya watu wengi ambao huenda asiwajue kamwe. Sifa ya ufundi huu ni kwamba huichukua imani hiyo ya kimyakimya na kuigeuza kuwa mapatano yaliyoandikwa, yanayoweza kukaguliwa na hata kuvunjwa.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani, Stuart Feldman aliandika programu ya Make baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo tayari lilikuwa limesahihishwa, ila faili lililosahihishwa halikuwa limetafsiriwa upya kwa lugha ya mashine. Make husoma orodha inayoeleza ni faili lipi hutengenezwa kutokana na lipi, hulinganisha nyakati za mabadiliko, kisha hujenga upya sehemu zile tu zilizopitwa na wakati. Kanuni iliyowekwa hapo bado ndiyo uti wa mgongo wa zana za ujenzi wa programu: uhusiano ambao haukutajwa, mashine haiwezi kuulinda.

Intaneti ilipowezesha maktaba kusambazwa kwa urahisi, suala lilihama kutoka kwenye mafaili hadi kwenye matoleo. Fundi wa programu Tom Preston-Werner alipendekeza utaratibu wa namba tatu, mfano 2.4.1, ambamo namba ya mwisho hupanda kosa linaporekebishwa, ya katikati hupanda uwezo mpya unapoongezwa bila kuharibu wa zamani, na ya kwanza hupanda pale ambapo watumiaji watalazimika kubadilisha msimbo wao. Namba hizo ni ahadi wala si ushahidi, lakini bila ahadi hiyo hakuna hesabu inayowezekana. Hata ikiwapo, hesabu yenyewe ni nzito, kwa sababu maktaba mbili zinaweza kuhitaji matoleo yasiyopatana ya maktaba ya tatu. Kwa umbo lake la jumla, suala la kuchagua matoleo yanayopatana limo katika kundi la matatizo ambayo hadi leo hayajapatiwa njia ya kuyatatua upesi katika kila hali. Mwaka 2018 Russ Cox, akiiandalia lugha ya Go utaratibu wake, aliukwepa ugumu huo kwa kanuni nyepesi: lichaguliwe toleo la chini kabisa linalotosheleza mahitaji yote yaliyotajwa.

Matoleo yakishachaguliwa, uchaguzi huo huhifadhiwa katika faili la kufungia matoleo. Bundler, zana ya lugha ya Ruby, ililizoesha faili hili kwa mafundi wengi, na npm, ghala na zana ya vifurushi vya JavaScript, ikaanza kuliandika yenyewe katika toleo lake la 5 mwaka 2017. Ndani yake npm huandika toleo halisi la kila kifurushi pamoja na hashi yake, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na maudhui yote, ambayo hubadilika hata herufi moja ikibadilishwa. Kwa njia hiyo, kinachojengwa leo kwenye kompyuta ya fundi kinaweza kujengwa kesho kwenye seva kwa vifurushi vilevile.

Hata hivyo, hashi huthibitisha kwamba kitu ni kilekile, haithibitishi kwamba ni chema. Mnamo Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kifurushi cha left-pad kwenye ghala la npm, na mistari yake 11 tu ilipokosekana, ujenzi wa programu nyingi duniani ulikwama. Machi 2024 fundi wa programu Andres Freund alifuatilia ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH, akagundua mlango wa siri uliopandikizwa katika maktaba ya kubana data ya xz na mtu aliyekuwa amejijengea uaminifu kwa muda mrefu. Hapa ndipo busara ya fundi huchukua nafasi ya zana: kuamua mistari ipi aiandike mwenyewe, kifurushi kipi akisome kabla ya kukipokea, sasisho lipi lisubiri na lipi lisicheleweshwe hata siku moja. Desemba 2021, udhaifu wa kiusalama ulipotangazwa katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, swali la kwanza kila mahali lilikuwa kama maktaba hiyo imo ndani ya mifumo inayotumika, na waliokuwa na orodha kamili ya vitegemezi vyao walikuwa na pa kuanzia.

Orodha hiyo ina thamani nyingine isiyosemwa mara nyingi: huonyesha nani anadaiwa na nani. Maktaba ya xz ilitunzwa kwa miaka na mtu mmoja aliyejitolea, na uchovu wake ndio uliompa mvamizi nafasi ya kujipenyeza kama msaidizi. Fundi anayevijua vitegemezi vyake kwa majina anajua pia pa kupeleka taarifa ya hitilafu, pa kutuma marekebisho na pa kuchangia fedha, na kufanya hivyo ni sehemu ya ufundi wenyewe, kwa kuwa usalama wa anayetegemea hauwezi kuzidi nguvu za anayetegemewa.