Kipande Kidogo Mwisho wa Waya

Mwanza ni mji wa miamba, na aliyejenga kilimani anajua kwamba gari na mwenye gari hawalali pamoja. Nyumba yangu iko juu, imebanwa kati ya mawe mawili yaliyolizidi paa kwa kimo. Banda la gari liko chini kando ya barabara, mita 25 kutoka ukuta wa jikoni, matofali pembeni na mabati juu. Ndani yake, mbali na gari, mna ngazi, mtarimbo, msumeno wa chuma na karibu kila kitu ambacho mwizi angekihitaji ili apande kuja kuniibia huku juu. Kwa miaka kadhaa nililala na alamu nyumbani, huku ghala hilo la vifaa nimeliacha bila hata kengele ya mbuzi.

Kijana niliyemwita aje kuliunganisha banda alianza kwa kunikera. Nilitegemea ashike sururu, yeye akaomba kigoda. Akafungua kisanduku cha paneli ukumbini, akatoa mita yake, akaanza kupima zoni, yaani mzunguko wa waya wa kila mlango, moja baada ya nyingine bila haraka. Nikamwambia kazi iko kule chini.

"Najua, mzee. Lakini nikiongeza juu ya kilichoharibika, kesho utanilaumu mimi."

Baada ya nusu saa akaniomba nikaufungue mlango wa nyuma wa jikoni. Nikaufungua. Taa ya paneli ikabaki kijani. Nikaufunga, nikaufungua tena, kijani ileile. Mlango ule niliokuwa nikiuaminia kila usiku ulikuwa hausemi kitu, na Mungu ndiye anayejua tangu lini. Msumari wa kutundikia kalenda ulikuwa umepenya ukutani ukauchoma waya na kuzikutanisha nyuzi zake mbili. Msumari ni wangu, nakiri. Ila fundi wa kwanza angeiweka rezista mahali pake, paneli ingepiga kelele siku hiyohiyo ya msumari.

Inabidi nieleze. Mwaka 1853 mchungaji mmoja wa Somerville, Massachusetts, Augustus Russell Pope, alipata hataza ya kengele ya umeme ya kuzuia wizi. Kwake yeye mlango ukifunguka ndipo umeme hupita, sumaku ikavuta nyundo, kengele ikalia. Akili nzuri, lakini anayeukata waya mapema amekwisha kuikata kengele ulimi. Siku hizi mambo yamegeuzwa. Umeme huzunguka saa zote, kutoka paneli hadi mlangoni na kurudi, na king'ora hulia pale unapokosekana. Fungua mlango, kata waya, ng'oa swichi, matokeo ni yaleyale.

Mwizi naye ana akili. Asipokata, atazichubua nyuzi mbili na kuzigusanisha ili umeme urudi njiani kabla haujafika mlangoni, na paneli idhani mlango umefungwa. Dawa yake ni rezista, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele chenye mistari ya rangi. Yangu ni ya omu 5,600: kijani, buluu, nyekundu, kisha dhahabu. Paneli ikizisoma 5,600 hizo, hunyamaza. Ikisoma mzunguko uliokatika, au ikisoma karibu na sifuri, inajua kuna jambo. Lakini yote haya ni kweli iwapo tu rezista imefungwa kule mwisho, ndani ya swichi ya mlango. Ukiifunga hapa kwenye paneli, kila kitu kitawaka kijani, mteja atalipa, na nyuzi zikigusana popote njiani paneli itaendelea kusoma 5,600 zake kwa raha mustarehe. Kuifunga kwenye paneli ni kazi ya dakika moja, umekaa. Kuipeleka mwisho ni kupanda ngazi kila mlango, kufungua kikasha, kuchomelea risasi, kufunga tena. Hakuna mteja anayekagua. Mimi sikukagua.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu. Seremala kazi yake inaonekana kila anayepita, na mwashi ukuta wake ukipinda watoto watamcheka. Mfungaji alamu anauza ukimya, na ukimya wa mtambo mzima na wa mtambo mfu husikika vilevile sikioni. Anayeujua utofauti ni yeye na mita yake.

Jikoni kulipotengemaa, tukashuka bandani. Mtaro haukuwezekana, kila futi mbili sururu ilikutana na jiwe lililokuwepo kabla ya babu zetu. Akalipitisha bomba la plastiki katika nyufa za mwamba, akalifunika kwa saruji, na ndani akavuta waya wa nyuzi sita: mbili za mlango, mbili za kupeleka volti 12 kwenye sensa, mbili za kulinda vikasha visifunguliwe. Niliomba king'ora kingine bandani. Akakataa, akafanya hesabu juu ya kipande cha boksi: kwa waya ule mwembamba na umbali ule, king'ora kingepoteza zaidi ya volti moja njiani, kikalia kama paka mwenye mafua. Sensa inakula umeme kidogo mno, haijali. King'ora kikabaki juu ya paa la nyumba.

Mlangoni nilifurahi zaidi. Swichi ya sumaku ina kijibomba cha kioo, na ndani yake vibapa viwili vya chuma vinavyokaribiana bila kugusana mpaka sumaku isogee. Ni ubunifu wa Walter Ellwood wa maabara za Bell kule Marekani, mwaka 1936. Kwenye mlango wa mbao hutosha ile ndogo ya plastiki. Mlango wangu wa banda ni wa chuma, mbawa mbili, umelegea bawaba, na upepo wa ziwa huusukuma usiku kucha. Akaleta swichi nene ya chuma inayovumilia mwanya mpana, akaifunga juu kabisa. Akaniambia nisithubutu kuuacha mlango bila kuukaza kwa komeo.

Sensa ya mwendo ilimtia mashaka. Hiyo huona joto la mwili likipita mbele ya mandhari yenye ubaridi zaidi. Saa nane mchana chini ya mabati, banda lenyewe linakaribia joto la mtu, na mwizi anaweza kufifia machoni pake. Tena kuna wale mijusi wetu wa miambani, vichwa vyekundu na mikia ya buluu, na buibui wanaonenepa kwa wadudu wa ziwa. Buibui akitembea juu ya kioo chake, kwa sensa huyo ni jitu. Kwa hiyo mlango ndio shahidi mkuu, sensa msaidizi.

Nilimuuliza kwa nini tusitumie swichi na sensa za redio, zisizo na waya, tukaepuka miamba yote hii. Hakuzidharau. Alisema zilizo nzuri hujiripoti kwenye paneli mara kwa mara, na hazivuti radi kupitia shaba. Ziwani kwetu radi si mchezo. Zile rahisi za dukani husema zinapoguswa tu, betri ikifa zinakufa nayo bila kuaga. Akabaki na waya, akafunga kinga ya radi ncha zote mbili, akaniambia wazi kwamba ikipiga moja kwa moja hakuna kitakachopona.

Swali la nani atakuja king'ora kikilia si la fundi, ingawa ndilo kubwa. Usukumani kuna mwano, yowe la wizi wa ng'ombe, na kila aliyelisikia alipaswa kutoka. Mtaani kwetu jirani akisikia king'ora huongeza sauti ya televisheni. Hilo nimeanza kulizungumza na mjumbe.

Jioni alichomelea rezista ya banda ndani ya kikasha cha mlango, tochi mdomoni. Akaandika kwa penseli nyuma ya kifuniko cha paneli: zoni 6, banda, rangi za nyuzi, rezista iko mlangoni, na tarehe. Ndani ya bomba aliacha kamba, imelegea, haijafungwa na chochote. Nikauliza ya nini.

"Ya fundi atakayekuja baada yangu kuvuta waya mwingine, mzee. Asije akavunja saruji."

Wewe mwenye alamu, kesho fungua mlango mmoja mmoja na uitazame taa. Kisha mwite fundi wako, mfungue kifuniko, umuulize rezista ziko wapi. Ukizikuta zote zimejipanga humo kwenye skrubu za paneli, usimgombeze. Mlipe tena, azipeleke milangoni.