Shwari si salama: Kusoma bahari ya Waholanzi

Tukiulizwa, “Mambo vipi?” twajibu, “Shwari!” Basi tukadhani shwari ni salama. Ati kweli?

Tazama kazi za Willem van de Velde Mdogo, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Katika picha moja dhoruba imeilaza merikebu ubavu. Wahakiki wengi hapo hukimbilia mahubiri: bahari ni dunia, chombo ni mwanadamu. Kwa Rembrandt, aliyechora tufani ya Galilaya mwaka 1633, sawa. Yesu yumo chomboni. Kwa Van de Velde hamna mtume wala muujiza. Kuna upepo tu.

Sasa geukia picha yake ya shwari. Merikebu inafyatua mzinga, moshi umetanda, matanga yamelegea kama nguo kambani. Mrembo huo! Lakini chombo cha tanga bila upepo hakiendi, na Uholanzi ilikula kwa bahari. Utulivu ule una kungoja ndani yake.

Hivyo, msomaji wangu, hali ya hewa pichani si pambo. Ndiyo maana yenyewe. Kabla ya kuuliza picha inafunza nini, uliza kama nahodha: upepo u wapi?