Mafunzo ya siku moja hayakutosha Haydom

Aprili 2010, wakunga wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Mtaala ulikuwa Helping Babies Breathe, ulioandaliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere, na walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya kozi. Leba, hata hivyo, watoto halisi waliendelea kuhudumiwa vilevile. Natamani kila mwandaaji wa mafunzo ya huduma ya kwanza ayasome matokeo hayo, maana vyeti hutolewa jioni ileile ya kozi.

Hatua zenyewe zinakaririka kwa urahisi. Mtoto akitoka amechoka, anakaushwa, njia ya hewa inasafishwa ikiwa imeziba, anasuguliwa mgongo. Asipopumua, anapumulishwa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Ugumu uko mikononi. Kichwa kikiinama mbele au kikirudishwa nyuma mno, hewa haipiti. Barakoa ikiachia kidogo tu shavuni, hewa yote inavuja. Kifua kisipopanda, hakuna kilichofanyika, hata kama mfuko unabonyezwa kwa kasi. Na hayo yote yafanyike usiku, mama akiuliza mbona mtoto halii.

Kuanzia Februari 2011 utaratibu ulibadilika. Mazoezi yaliletwa hapohapo kazini: dakika tatu hadi tano, kila wiki. Mwanasesere anayetumika hujazwa maji, akawa mzito na mlegevu kama kichanga, na anayesimamia zoezi hubonyeza vibofu vidogo kuendesha mapigo ya kitovu na pumzi. Barakoa ikikaa vibaya kifua hakipandi, kwa hiyo mkunga anajirekebisha papo hapo bila kusubiri kuambiwa.

Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mimi hukaa zaidi kwenye takwimu nyingine: walioamshwa kwa kusuguliwa waliongezeka kutoka asilimia 14.5 hadi 16.3, huku waliohitaji mfuko wakipungua kutoka 7.3 hadi 5.9. Naisoma hivi: wakunga walianza mapema, na baadhi ya watoto wakapumua kabla mfuko haujahitajika. Ni ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, hivyo si kila nafuu inaweza kuhesabiwa kuwa ya mazoezi. Lakini mwelekeo wake unaendana kabisa na kilichofundishwa.

Kwa hiyo bajeti ya mafunzo isiishie kwenye ukumbi na posho. Inunue mwanasesere atakayebaki wodini, na mkunga mmoja wa zamu apewe jukumu, na muda, wa kuwaita wenzake kwenye zoezi kila wiki.