Nyangumi Ukutani, Mafuta Baharini

Ndugu msomaji, huenda umepata kuona picha za miji ya ng'ambo ambayo kuta zake zimechorwa bahari: nyangumi, pomboo, kasa na samaki wa kila rangi, wakubwa kuliko nyumba. Wengi huzitazama, wakasema mji umependeza, wakapita. Nakuomba usimame nami kidogo mbele ya ukuta mmoja tu, ulioko Long Beach, mji wa bandari katika jimbo la California, Marekani.

Ukuta huo ni wa jumba la michezo la mviringo, lililojengwa karibu na maji. Mwaka 1992 mchoraji Wyland aliuzungushia picha ya zaidi ya futi za mraba 100,000, ikatajwa na kitabu cha Guinness kuwa ndiyo picha ya ukutani kubwa kuliko zote duniani. Mtu huyu ni mzaliwa wa Michigan, mbali kabisa na maji ya chumvi. Tangu 1981 alipoanza Laguna Beach, hata 2008 alipomalizia Beijing, alichora kuta 100 za namna hii.

Haki yake tumpe. Wyland ajua jambo ambalo wachoraji wengi wa bahari hawalijui, nalo ni kimo. Nyangumi wa kitabuni hazidi kiganja cha mkono, na ndivyo tulivyomzoea, ingawa tangu utotoni twahadithiwa habari za Nabii Yunus. Huyu humchora nyangumi kwa urefu wake hasa, na mtu aliyesimama chini hujiona yeye ndiye dagaa. Na kwa kuwa jumba ni la mviringo, huwezi kuimaliza picha kwa mtazamo mmoja. Yakubidi utembee, na utembeapo wanyama wale huwa kama wanakwenda nawe. Hiyo ni kazi ya fundi.

Wako watakaouliza kwanza hukumu ya kuchora vyenye roho. Swali hilo maulamaa wamelizungumza kwa urefu, na mahali pake si hapa. Ila mafundi wa milango yetu ya Lamu na Unguja nao walimtia samaki katika mbao, wakamchonga mpaka akakaribia kuwa nakshi tupu, wala hakuna apitaye mlangoni akadhani ameonyeshwa bahari ilivyo. Picha ya Long Beach yadai zaidi ya hayo. Yataka uamini kuwa hivi ndivyo bahari ilivyo. Basi na tuipime kwa dai lake.

Upe ukuta mgongo, msomaji, utazame majini. Utaona visiwa vidogo vyenye miti mizuri na minara ya rangi, na usiku taa. Visiwa hivyo vinne vimeundwa na watu, kuanzia 1965, kwa ajili ya makampuni ya mafuta, na minara ile ni maganda ya kufichia mitambo ya kuchimbia. Mafuta yachimbwe, lakini macho ya wenye mji yasiudhike! Jirani na hapo ni bandari, miongoni mwa zilizo kubwa kabisa Marekani, na meli zake hupita katika maji yale yale ambamo nyangumi wa kijivu husafiri kila mwaka kwenda kuzaa Mexico. Kugongwa na meli ni katika mambo yanayoua nyangumi pande hizo.

Rudi sasa ukutani. Hapana meli. Hapana wavu, wala tone la mafuta, wala mnyama mwenye kovu la kugongwa. Kila samaki amechorwa sawasawa, na picha nzima haisemi kweli. Imekuwa ndugu wa minara ile, pazia jingine zuri.

Nitajibiwa kuwa watu hawakihurumii wasichokipenda, na kwanza wapendeshwe. Jibu hilo lina uzito. Wyland alipoanza, uwindaji wa biashara ulikuwa ungali ukiendelea. Azimio la mataifa la kuusimamisha lilipitishwa 1982, na 1994 Marekani ilimwondoa nyangumi wa kijivu wa upande huo katika orodha ya wanyama walio hatarini. Kupendwa kulimfaa. Lakini wakati ule adui alikuwa na chusa mkononi, aonekana. Huyu wa leo ni meli iliyobeba viatu vyetu na redio zetu, na ukuta usiomtaja hautuulizi kitu.

Na pambo tupu halina wa kulitetea. Huko Detroit, katika Michigan ya kwao, Wyland alichora nyangumi mwaka 1997 kwenye ubavu wa jengo refu la Broderick. Katika miaka iliyofuata ubavu ule ulifunikwa zaidi ya mara moja kwa tangazo kubwa la biashara, nyangumi wakikaa nyuma ya turubai mpaka mkataba umalizike.