Mwanasesere Aliyesimama: Namna ya Kupima Picha Yake

Mtu akitazama picha ya mwanasesere mkubwa wa viungo, jicho humkimbilia usoni, na hukumu hutolewa hapohapo. Hukumu hiyo humsifu asiyestahili. Kwa wanasesere wa resini wa aina ya Super Dollfie, ambao kampuni ya Volks ya Kyoto iliwaleta sokoni mwaka 1999, wenye kimo cha karibu sentimita 60, uzuri wa uso ni kazi ya mchongaji na ya aliyeupaka rangi. Hauthibitishi lolote kuhusu mpiga picha. Kazi yake yeye ni mkao, na mkao una swali moja la kuuliza kwanza: je, mwili huu unabeba uzito wake?

Swali ni gumu kwa sababu ya jinsi mwanasesere alivyoundwa. Ndani ana uwazi, na lastiki imepita toka kichwani hadi miguuni, ikashikwa na kulabu za umbo la S. Lastiki hiyo muda wote huvuta viungo vinyooke. Ikikazwa mno, goti lililokunjwa hufyatuka. Ikilegea, mwili mzima hujikunja. Ndiyo maana wazoefu hubandika vipande vyembamba vya ngozi laini ndani ya maungio ili yashikane. Mwanasesere akiachwa alivyo, husimama kama askari kwenye gwaride, hali mtu aliyetulia huuweka uzito kwenye mguu mmoja: nyonga ya upande ule hupanda, bega la upande huohuo hushuka, na goti la pili hulegea. Basi kagua kuanzia chini. Unyayo umelala wote sakafuni? Chini yake pana mstari mweusi wa kivuli, au mwanga unapenya? Ukipenya, huyo hakusimama, amening'inizwa na stendi. Akiwa ameketi, tazama kama paja limegusa kiti. Akiwa ameegemea meza, tazama kama kiganja kimeifikia kweli.

Kamera nayo huweza kuujenga uzito huo au kuubomoa. Ikishikwa kwenye kimo cha mtu mzima, humtazama mwanasesere kutoka juu na kumrudisha kuwa kitu cha kuchezea. Ikishushwa hadi usawa wa macho yake, sakafu na kuta hupata ukubwa unaomfaa. Kwa kuwa picha hupigwa kwa karibu, sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba sana: macho yakiwa makali, miguu huwa ukungu. Wengi huuita ukungu huo sanaa, ingawa mara nyingi umeficha nyayo zilizoshindwa. Tundu la lenzi likifungwa hadi f/8 au zaidi, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu, kila kosa hujitokeza, na kila ustadi pia.

Atakayepinga atasema kwamba macho ya kioo huweza kugeuzwa ndani ya kichwa, kwa hiyo uso nao ni kazi ya mpiga picha. Ni kweli, lakini macho yakielekea kushoto na shingo wala kifua havijaanza kugeuka, mtazamo huonekana umebandikwa. Mwingine atamtaja Hans Bellmer, Mjerumani ambaye katika miaka ya 1930 alimtenganisha mwanasesere wake vipande na kumpiga picha katika maumbo ambayo hakuna mwili wa mtu unaoyaweza. Hoja hii ni nzito zaidi, nayo inasahihisha kipimo bila kukivunja: kinachotafutwa si kufanana na mtu. Hata kiungo kilichotenganishwa hulala, huegemea au huning'inia, na jicho hulitambua hilo mara moja. Wa tatu atasema stendi hufutwa kwa kompyuta. Hufutika, ila mwegamo wa mwili uliokuwa ukiitegemea hubaki, na mwili hubaki umeegemea hewa.

Kwa hiyo picha ikikuvutia, funika uso kwa kidole gumba kabla hujaisifu. Sehemu iliyobaki ikiweza kueleza mwanasesere anafanya nini, mpiga picha anaijua kazi yake. Isipoweza, lenzi ya bei kubwa haitamsaidia. Aanze na lastiki.